Profesa Fleming, mzito wa masikio aliyeiwasha taa ya redio

Msomaji aliyepitia shule ya sekondari, awe alisomea Lamu, Mombasa au Kisumu, hakosi kulikumbuka jina la Fleming. Ndilo jina la ile kanuni ya mkono: kidole gumba, kidole cha shahada na cha kati vinyooshwe, kila kimoja kielekee upande wake, ili mwanafunzi ajue nguvu itasukuma wapi iwapo umeme wapita huku na sumaku yavuta kule. Mkono wa kushoto ni wa mota, wa kulia ni wa dainamo. Wengi wetu tuliikariri, tukaijibia mtihani, tukaisahau. Mwenye jina lile tulimwacha mumo humo kitabuni, kana kwamba hakuwa mtu wa nyama na damu.

Mimi nilikumbushwa habari zake mjini Kisumu, nyumbani kwa mjomba wangu, mtaa wa Kaloleni. Nasema Kaloleni ya Kisumu, si ile ya Ugiriamani. Mjomba ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyepanda gari moshi katika ujana wake kwenda kufanya kazi ya reli. Alifika mwisho wa njia, akaoa, na hajarudi tena ila kwa mazishi na arusi. Alichukua santuri zake za taarabu, na huko huko akanunua amplifaya kuukuu, sanduku la chuma ambalo mtu mmoja hulinyanyua kwa kuomba Mungu. Kwa miaka mingi sanduku hilo lilikodiwa kwa maulidi na maarusi ya Waislamu wa mji ule. Ndani yake mna taa mbili kubwa za kutoa nguvu, ambazo mafundi huziita valvu, za aina ya EL34. Usiku mmoja, katikati ya wimbo, sauti ilikwaruza, na bamba lililomo ndani ya valvu moja likaiva jekundu kama kaa la moto.

Asubuhi akaitwa fundi, mzee wa Kijaluo aliyejifunza kazi hii zamani, siku ambazo redio zote zilikuwa za taa. Alipofungua kifuniko, jambo la kwanza alilofanya ni kuutia mkono wake wa kushoto mfukoni, na haukutoka humo muda wote alioshika vijiti vya mita. Nilimwuliza sababu. Umeme ukiingia mkono mmoja ukatokea wa pili, alinieleza, njia yake ni kifuani, na kifuani ndimo ulimo moyo. Nikacheka kimoyomoyo, kwani mkono wa kushoto ndio ule wa kanuni ya Fleming. Na taa iliyoiva pale mezani, kwa nasaba, ni kizazi cha taa aliyoiunda Fleming huyo huyo.

John Ambrose Fleming alizaliwa mjini Lancaster, kaskazini ya Uingereza, tarehe 29 Novemba 1849, mtoto wa kwanza kati ya saba. Baba yake alikuwa mhubiri, na nyumbani mali haikuwa nyingi. Jamaa ilihamia London yeye akiwa mdogo, na alipofikia umri wa miaka 11 alikwisha kuwa na karakana yake ndogo ya kuundia vyombo na mashine za mchezo. Alipata shahada ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1870, lakini njia yake haikunyooka. Mara alikuwa karani katika ofisi ya wauza hisa, mchana hesabu za watu, usiku vitabu vyake; mara mwalimu wa shule, akidunduliza fedha za kuendelea na masomo. Alikuwa akikaribia miaka 28 alipoingia Cambridge mwaka 1877, umri ambao wengi wa wenziwe walikwisha toka chuoni.

Alikwenda Cambridge kumfuata mtu mmoja, James Clerk Maxwell, bingwa aliyeonyesha kwa hesabu tupu kwamba mawimbi ya umeme yaweza kusafiri angani pasipo waya. Darasa la bingwa huyo halikuwa na wanafunzi. Zilikuwako siku ambapo Fleming alijikuta msikilizaji peke yake, au pamoja na mwenzake mmoja tu. Maxwell alifariki mwaka 1879, kabla mtu yeyote hajayathibitisha mawimbi yake.

Mwaka 1882 Fleming aliajiriwa kuwa mshauri wa kampuni ya taa za Edison mjini London. Huko aliona jambo lililokuwa likiwasumbua wenye taa: globu ikiwaka siku nyingi, kioo chake huingia weusi kwa ndani. Edison mwenyewe alikwisha kutia kibamba cha madini ndani ya globu, akaona umeme wavuka kutoka kwenye uzi unaowaka hadi kwenye kibamba, ingawa baina yao hapana kitu. Fleming alilichunguza jambo hilo kwa miaka. Alithibitisha kuwa umeme huo huvuka upande mmoja tu, haurudi. Akasoma makala zake mbele ya wataalamu, wakamsikiliza, na mambo yakaishia hapo. Globu zake zikawekwa kabatini.

Wakati huo alikwisha kuwa profesa. Mwaka 1885 University College ya London ilimfanya profesa wa ufundi wa umeme, na inasemekana vifaa alivyokabidhiwa siku ya kwanza vilikuwa ubao na chaki. Labda ndiyo sababu akawafundisha vijana wake kutumia vidole: mkono kila mtu anao.

Mwaka 1899 akaingia kazi ya pili, iliyomletea sifa na uchungu kwa pamoja. Guglielmo Marconi, kijana wa Kitaliani, alikuwa akituma ishara za simu bila waya, na sasa alitaka kuivusha bahari ya Atlantiki. Marconi alikuwa hodari wa kujaribu, lakini mtambo mkubwa wa namna ile haukutaka kubahatisha. Fleming ndiye aliyepiga hesabu na kuusanifu mtambo wa Poldhu, kusini magharibi ya Uingereza, uliopandisha umeme hadi volti 20,000. Mtu hakosei mara mbili mbele ya volti hizo. Tarehe 12 Desemba 1901 Marconi, akiwa Newfoundland ng'ambo ya pili, alitangaza kuwa ameisikia ishara ya Poldhu. Fleming hakupelekewa habari. Alisoma gazetini kama watu wengine, siku nne baadaye, na katika maelezo ya Marconi jina lake halikupewa nafasi. Hisa 500 alizoahidiwa alipewa, lakini fedha na heshima havilingani.

Hapa naomba tuiache Uingereza kidogo, maana siku zile zile, tarehe 20 Desemba 1901, reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 iligusa maji ya Ziwa Viktoria, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Jina hilo lilikuwa la mke wa mmoja wa wakubwa wa reli. Wahindi karibu 2,500 waliokufa katika kazi ile hawakupewa hata kituo. Na pembeni ya reli zilipita nguzo za simu ya waya, kwa kuwa hiyo isiyo na waya ilikuwa ingali uvumi wa magazetini.

Nilisema Fleming alipata uchungu. Ulizidi tarehe 4 Juni 1903, alipokuwa akitoa mhadhara katika Royal Institution mbele ya watu wakubwa, kuwaonyesha kuwa simu ya Marconi haiingiliwi na mtu. Kabla ya saa ya kupokea ujumbe, chombo kikaanza kugonga chenyewe. Mcheza mazingaombwe mmoja, Nevil Maskelyne, alikuwa amefunga mtambo wake karibu na pale, akituma neno la kejeli, tena na tena, kisha vishairi vya kumkebehi Marconi. Msaidizi wa Fleming alizisikia zile ishara, akabadilika uso. Profesa mwenyewe aliendelea na mhadhara wake kwa utulivu, kwani hakusikia kitu. Masikio yake yalikuwa mazito, na kila mwaka yalizidi kuwa mazito.

Mwisho wa mwaka huo mkataba wake na Marconi ukaisha, usifanywe upya mara moja. Ikawa kwamba mtu aliyeujenga mtambo wa Poldhu yuko nje ya mlango. Naamini, na hii ni rai yangu, kwamba lau si mambo hayo mawili, masikio na mkataba, globu zile zingekaa kabatini mpaka leo.

Shida ya simu ile ilikuwa upande wa kupokea. Ishara ilikuja ikitetemeka huku na huku maelfu kwa maelfu ya mara kwa nukta moja, na vyombo vya kuipokea vilikuwa vibovu, vingine vikihitaji sikio kali kwenye kisikilizio. Fleming alitaka chombo kitakachoisogeza sindano ya mita, ili macho yafanye kazi ambayo masikio yameishindwa. Mwezi wa Oktoba 1904 akaikumbuka tabia ya globu zake: umeme huvuka upande mmoja tu. Basi ishara inayotetemeka ikipitishwa humo, nusu yake itapita na nusu itazuiliwa, na hiyo nusu iliyopita itaisukuma sindano upande mmoja. Alimwambia msaidizi wake afunge nyaya. Sindano ikasogea. Tarehe 16 Novemba 1904 aliandikisha hati ya uvumbuzi. Chombo akakiita valvu, kwa mfano wa ule mlango wa pampu unaoruhusu maji kwenda na kuyakataza kurudi. Hati ikawa mali ya kampuni ya Marconi, na mwaka 1905 profesa akarudishwa kazini.

Lakini valvu ya Fleming ilichuja tu. Haikuweza kukuza sauti. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliongeza kitu cha tatu kati ya uzi na bamba, waya uliokunjwa kunjwa kama wavu, nao ukaitwa gridi. Ndipo taa ikawa na nguvu mpya: ishara dogo likitiwa kwenye wavu huamuru umeme mkubwa unaopita. Fleming alimwona de Forest kuwa mwizi wa shamba lake, na de Forest naye hakukubali kuwa anadaiwa chochote. Walishitakiana Marekani. Mwaka 1916 mahakama iliamua kuwa taa ya de Forest yaidhulumu hati ya Fleming. Hata hivyo wenye hati ya Fleming nao hawakuwa na ruhusa ya kutia wavu. Kila mmoja ana nusu ya ufunguo.

Kwa mtu wa pwani ya Ziwa mfano wa wavu hauhitaji maelezo marefu. Uzi ukipata moto hutoa chembechembe za umeme zinazokimbilia bamba, na wavu umekaa njiani. Wavu ukitiwa umeme hasi, huzisukuma nyuma chembe hizo. Ukizidi uhasi, chache hupita. Ukipungua, hupita kwa wingi. Kile kipimo cha uhasi anachopewa wavu wakati hapana wimbo wowote unaopigwa ndicho mafundi hukiita bayasi. Katika redio za miaka ya 1920 bayasi ilikuwa na betri yake mbali, ya volti tisa aghalabu, yenye matundu ya kuchomeka waya, na mwenye redio aliichagua kwa mkono wake. Baadaye kazi hiyo ikafanywa ndani kwa ndani.

Ndani ya sanduku la mjomba lililoharibika ni hilo. Uhasi wa wavu ulipungua, umeme ukapita kwa fujo, bamba likaiva. Lingeachwa hivyo, valvu ingekufa, na pengine kuondoka na transfoma ya spika, ambayo bei yake ni ya kutia huzuni.

Nitaeleza alivyofanya fundi, maana kuna wengi pwani walio na masanduku ya namna hii yaliyorithiwa. Kwanza aliuliza kama bayasi ya amplifaya hii ina skrubu ya kurekebishia. Redio nyingi za mezani na gramafoni za kabati hazina. Kwazo resista iliyo chini ya kathodi hufanya kazi hiyo yenyewe, na mtu akiona bamba limeiva humo, atazame resista ile na kondensa inayoleta sauti kwenye wavu, kwani kondensa hiyo ikivuja, wavu hupoteza uhasi wake. Akaonya pia habari ya redio ndogo zisizo na transfoma ya umeme: chesisi ya nyingine imeungwa moja kwa moja na waya wa ukutani, na aishikaye huwa ameshika umeme wa nyumba.

Akazichomoa zile EL34 mbili, akaizungusha skrubu mpaka upande wa uhasi mkubwa kabisa, akawasha, akapima kwenye tundu la wavu la kila soketi. Upande mmoja mita ilionyesha volti 45 za hasi. Upande wa pili ilichezacheza, mara 45, mara 10. Resista moja ya zamani ilikuwa imekatika ndani. Alizima, akachomoa plagi ukutani. Adhana ya Alasiri ikawa imelia, tukaenda kuswali.

Tuliporudi mimi nilikuwa nimekunja mikono ya kanzu, tayari kumshikia bisibisi. Akanizuia, akaweka kijiti cha mita kwenye kondensa kubwa. Plagi ilikuwa chini sakafuni, nimeiona kwa macho yangu, na mita ikasoma zaidi ya volti 200. Valvu zikiwamo na zingali moto, huunywa umeme ule kwa muda mfupi. Zikiwa zimetolewa, hauna pa kwenda, hukaa ukingoja mkono wa mtu. Fundi aliumwaga taratibu kupitia resista iliyofungwa kwenye waya wenye ngozi nzuri, akapima tena, na tena, mpaka sindano ikalala. Ndipo akaja na lehemu. Mjomba hakusema neno. Aliwahi kulifungua sanduku lile peke yake zaidi ya mara moja.

Resista mpya ikatiwa, soketi zote mbili zikasoma sawa. Valvu zikarudishwa, na badala ya ile iliyoungua ikatiwa ya akiba. Spika ikaungwa kwanza, kwa kuwa amplifaya ya taa haiwashwi bila spika, na sauti ikateremshwa hadi mwisho. Chini ya kila kathodi mlikuwa na resista ya omu moja, hivyo kila milivolti moja kwenye mita ni miliampia moja ya umeme. Hesabu yake ilikuwa hii: bamba la EL34 hustahimili wati 25, fundi mwenye busara huchukua sehemu saba katika kumi, yaani wati 17 na nusu, kwa volti 450 zilizokuwako, hiyo ni kiasi cha miliampia 39. Yeye akasimamia 35. Akaigeuza skrubu kidogo kidogo kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, akangoja dakika ishirini taa zipate moto wake, akapima upya, akasawazisha. Mkono wa kushoto ungali mfukoni.

Kazi hii hakutaka kuifanya jioni. Saa za magharibi umeme wa mtaa hushuka kwa wingi wa wanaopika na kuwasha taa, kisha usiku wa manane hupanda. Bayasi ikipangwa wakati umeme umeshuka, valvu itaungua watu wamelala. Na Kisumu ina balaa lake jingine, radi. Mawingu ya Ziwa hukusanyika alasiri, na mwenye akili huchomoa plagi kabla ya ngurumo ya kwanza.

Turudi kwa profesa. Valvu zilienea duniani, zikafika hata kwenye maji ya Kisumu, ambapo katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilikuwa zikitua ziwani kwenye safari ya London na kusini, redio za zama hizo zikiwa za valvu. Zikaingia majumbani mwetu pia. Wazee wa Mombasa waliokesha kungoja habari ya mwezi wa Ramadhani mbele ya redio, au waliosikiliza Sauti ya Mvita, walikuwa wakitazama mwanga wa taa hizo kwa nyuma ya kitambaa. Fleming hakutajirika nazo. Alistaafu mwaka 1926, akapewa cheo cha Sir mwaka 1929, akaishi Sidmouth kando ya bahari. Mke wake wa kwanza, Clara, alifariki mwaka 1917. Mwaka 1933, akiwa na miaka 83, profesa huyu ambaye masikio yalikwisha kumtoka alimwoa Olive Franks, mwimbaji. Hakujaaliwa mtoto.

Tarehe 21 Juni 1943, wakati vita vikuu vikipiganwa kwa redio za valvu nchi kavu, baharini na angani, mahakama kuu ya Marekani iliamua kuwa hati yake ya Marekani haikuwa halali, kwa sababu ilidai mengi kuliko aliyoyavumbua na ilichelewa kusahihishwa. Alikuwa na miaka 93. Alifariki Sidmouth tarehe 18 Aprili 1945, akiwa na miaka 95, na mali yake nyingi akaiachia misaada ya hisani.

Kaloleni, baada ya Isha, mjomba aliweka santuri. Fundi alikuwa bado yuko, amekaribishwa chakula. Valvu mbili zilitoa mwanga wa rangi ya chungwa, bamba zote mbili nyeusi kama inavyotakiwa, na wadudu wa Ziwa wakaanza kuruka kuzizunguka. Fundi akasimama, akatia mkono mmoja mfukoni, akarudisha kifuniko.